Muziki wa Duka la Dawa

Pakiti ya kwanza ya pipi za kikohozi aliikuta kwenye mfuko wa ovaroli siku ya Jumatatu, alipokuwa akiloweka nguo. Akaiweka dirishani. Jumatatu iliyofuata akakuta mbili. Ya tatu akakuta nne, zote hazijafunguliwa, moja imeingiwa na rangi ya krimu. Mumewe, mwenye ovaroli hiyo, alikuwa hajakohoa hata mara moja tangu mwaka uanze.

Mke huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mshonaji mzuri hakati kitambaa kabla ya kupima. Lakini mambo ya mume hayapimwi kwa utepe. Alizitazama zile pakiti saba, akakumbuka vumbi la kuta zinazosuguliwa kabla ya kupakwa rangi, akakumbuka pia kwamba siku hizi mwenzake alikuwa akiamka mara nne, mara tano usiku na kutoka chumbani kwa kunyata. Akakata shauri pale pale. Fundi ana kifua, na anakwenda kukohoa mbali ili asimwamshe. Moyo ukamlainika. Mwanamume anayejali usingizi wa mkewe baada ya miaka ishirini na saba ya ndoa hapatikani kirahisi.

Aliitwa Fundi na wateja, na majirani, na mkewe pia, kiasi kwamba binti yao alipoanza shule na kuulizwa jina la baba, alijibu Fundi bila kusita, na alipoulizwa jina la ukoo akasema Rangi. Sasa binti huyo alikuwa mwalimu, bado anaishi nyumbani, na ndiye aliyetumwa siku hiyo kununua tangawizi.

"Kunywa yote," mke alisema jioni, akiweka jagi mezani.

"Hii yote? Hii si chai, mke wangu. Hii ni maji ya kuoga."

"Tangawizi inafungua."

Fundi aliposikia neno kufungua, alinyanyua kikombe akanywa mpaka tone la mwisho. Akaongezewa. Akanywa tena. Mkewe alimtazama kwa huruma ya mtu anayejua siri na anasubiri aambiwe.

"Baba, una nini?" binti aliuliza.

"Mimi? Mimi sina kitu. Uliza mama yako, ndiye anayenimwagilia kama mche."

Kesho yake akapewa na chupa ya chai ya lita moja na nusu, aende nayo kazini. "Ikirudi na chai ndani," mke alimwambia mlangoni, "wewe lala huko huko."

* * *

Tatizo la Fundi halikuwa kifuani. Lilikuwa chini zaidi, mahali ambapo mwanamume akipata tatizo huona heri angeumwa kichwa, meno na masikio kwa pamoja. Kwa miezi mitatu mkojo ulikuwa unamkatalia. Unamwita kwa haraka, anakimbia, anafika, anasimama, na unaotoka ni wa kumdhihaki tu. Robo saa haijapita, unamwita tena. Juu ya hali hiyo, mke mwenye mapenzi mema alikuwa anamjaza chai lita tatu kwa siku.

Wiki hiyo alikuwa anapaka rangi korido ya jengo la ofisi, ghorofa ya pili. Choo cha wageni kilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulitundikwa kwenye meza ya dada wa mapokezi, umefungwa kwenye kipande cha ubao kirefu kama rula ili mtu asiondoke nao. Kila safari ilibidi ateremke ngazi, apite mbele ya watu wanaosubiri, aombe.

"Naomba ufunguo, dada."

"Tena?"

"Tena."

Dada wa mapokezi hakuwa mbaya. Alisema "tena" kwa sababu ilikuwa mara ya sita na hata saa tano haijafika. Lakini waliosubiri walinyanyua macho kutoka kwenye simu zao, na Fundi alipita katikati yao ameushika ule ubao kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

"Fundi," msimamizi wa jengo alimwambia, "nilikuita upake ukuta au upime urefu wa korido?"

"Nataka kuona ukuta kwa mbali, bosi. Rangi inaonekana vizuri kwa mbali."

"Choo ndicho mbali?"

Ijumaa saa nane ufunguo haukuwepo. Mtu alikuwa ameuchukua. Fundi alirudi juu ya ngazi yake ya kazi akabana miguu, akaendelea kupaka mstari wa juu, ule unaokutana na dari, ambao hautaki mkono unaotetemeka. Alihesabu tofali. Kisha akahisi joto likishuka kwenye paja la kushoto. Kidogo tu, lakini ovaroli ya bluu haifichi kitu. Chini yake walikuwa wakipita makarani wawili wanacheka mambo yao.

Fundi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka thelathini ya kazi. Alilishika kopo la rangi ya krimu, lita nne, karibu limejaa, akajimwagia mwenyewe kuanzia kiunoni mpaka kwenye viatu.

Makarani waliruka pembeni. Msimamizi alikuja mbio, akamtukana, akamwambia rangi hiyo atailipa na sakafu ataisugua. Fundi alipiga magoti akasugua sakafu, na mtu akimtazama vizuri angeona uso wa mtu aliyeponea chupuchupu. Walimwita mzembe. Jina la mzembe aliweza kulala nalo.

* * *

Mtu atauliza, kwa nini hakwenda duka la dawa? Alikwenda. Alikwenda mara saba. Pakiti saba zilizokuwa dirishani zilikuwa ushahidi.

Duka lenyewe lilikuwa pale pale kwenye kona lilipokuwa tangu yeye kijana, ila mwenye duka sasa alikuwa mwingine. Zamani lilikuwa la mzee mmoja mwembamba, miwani puani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Dawa. Nyuma yake, kati ya marobota ya pamba na chupa za spiriti, ilikaa redio kaseti ya kijivu, nayo ilicheza tangu mlango unafunguliwa mpaka unafungwa. Magitaa ya polepole, kinanda, mara tarumbeta kwa mbali kama inapigwa chumba cha tatu. Nyimbo zisizo na maneno. Kulikuwa na kanda nne tu, na watu waliosimama pale miaka ishirini wasingeweza kukuimbia hata kipande kimoja. Hakuna aliyeusikiliza muziki ule. Ulikuwepo tu, kama rangi ya ukuta.

Lakini mteja akifika zamu yake, akaweka kiwiko juu ya kaunta na kuinamisha kichwa, Mzee wa Dawa alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, akazungusha kitufe kidogo. Wale wa kwenye benchi wakasikia magitaa yamesogea karibu. Huku kwenye kaunta mtu akasema lake, akajibiwa lake, akafungiwa kwenye karatasi ya kaki, akaondoka. Bwana harusi wa wiki ijayo, mama wa watoto saba, mhubiri, polisi, kila mmoja alipita chini ya muziki ule na aibu yake mkononi, na mtaa haukujua. Watu walikuwa wakimshukuru mzee kwa dawa. Kwa muziki hakuna aliyewahi kumpa hata asante moja, na nadhani ndiyo maana nahangaika kuiandika hapa.

Miguu ya mzee ilipochoka alihamia kwa mwanawe, na duka likachukuliwa na binti msomi, mfamasia wa cheti, watu wakamwita Dada wa Dawa. Aliweka vigae vyeupe, kaunta ya kioo, taa kali, na benchi jipya la watu sita hatua mbili tu kutoka kwenye kaunta. Redio kaseti aliitoa. "Duka la dawa si harusi," alisema, na nani angembishia? Kukawa kimya kiasi kwamba ulisikia vidonge vikihesabiwa kwenye sahani. Isitoshe, chuoni walimfundisha kurudia kwa sauti anachoambiwa na mteja ili asikosee dawa. Alikuwa makini, na sauti yake ilikuwa safi kama ya mtangazaji.

Mara ya kwanza Fundi alipofika, mbele yake alikuwepo bwana mmoja mwenye koti.

"Bawasiri," Dada wa Dawa alirudia. "Ya ndani au ya nje?"

Wote kwenye benchi walitazama viatu vyao. Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko mkabala na duka na ambaye habari zikiingia kwake asubuhi mchana zimefika sokoni, alikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Bwana wa koti alilipa akatoka bila kungoja chenji.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?"

"Ni... naomba..." Fundi aliinama. Kimya kikainama naye. "Pipi za kikohozi."

"Kikohozi kikavu au chenye makohozi?"

"Kikavu," alisema, akakohoa kidogo kwa heshima.

* * *

Jumamosi asubuhi haukutoka kabisa. Hata ule wa dhihaka. Mke alipoingia na jagi la chai alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, kwa mikono yote miwili ameishika sehemu ya chini ya tumbo lililokuwa gumu kama ubao.

"Fundi! Kifua?"

"Ondoa hiyo chai."

"Kunywa kidogo tu, itakufu..."

"Ondoa chai, mke wangu, nakuomba! Sikohoi!"

"Nini?"

"Sikohoi. Sijawahi kukohoa." Na mtu mzima yule, aliyepaka rangi nusu ya nyumba za mtaa, akaanza kulia. "Siwezi kukojoa. Tangu jana alasiri. Miezi mitatu sasa. Nakufa."

Mke aliweka jagi sakafuni. Alizitazama pakiti dirishani, akalitazama jagi, akamtazama mumewe, na mahesabu yote ya wiki tatu yakafumuka kama pindo la uzi mbovu. Alifungua mlango akamwita binti kwa sauti ambayo binti hakuwa ameisikia tangu utotoni.

Ndani ya teksi kila shimo la barabara lilikuwa adhabu. Binti aliketi mbele akimwambia dereva apite wapi. Nyuma, mke alikishika kichwa cha mumewe begani, na midomo yake ilikuwa inasema kitu kimoja tu bila sauti, asife, asife, asife kwa chai yangu.

Hospitali kulikuwa na benchi refu kwenye ukuta na watu wengi juu yake. Walichukua maelezo yake wakamwambia angoje kidogo. Fundi aliegemea ukuta, akaona hata katika hali ile kwamba aliyeupaka hakuusugua kwanza. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki.

"Wa mpira wa mkojo! Nani hapa anangojea kuwekwa mpira wa mkojo?"

Watu arobaini walimtazama. Mke alimtazama mumewe, mkono ukamwasha kuunyanyua kwa niaba yake. Lakini Fundi alishafika mahali ambapo aibu haina tena pa kukaa. Akanyoosha mkono, kidole kimoja juu.

Mwisho wa benchi, bwana mmoja wa suti na tai akanyoosha wa kwake. Kisha mzee mwenye bakora. Kisha, taratibu kabisa, mwanamume wa makamo aliyekuwa amejifunika gazeti.

"Wanne!" muuguzi alisema. "Na nimeita mara tatu asubuhi hii mnanitazama tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, baba zangu. Anayelia zaidi aanze."

Wale watatu wote walimwonyesha Fundi.

* * *

Kuhusu kilichofuata, itoshe kusema kwamba Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru muuguzi, akaushukuru mpira, na alipokuwa anatolewa alimshukuru pia mtu aliyekuwa anapiga deki. Daktari alimwambia ni tezi dume, imevimba, haina ubaya mwingine. Angechelewa siku moja zaidi figo zingeharibika. Angekuja miezi mitatu nyuma angeondoka na vidonge tu.

Alasiri walimkalisha uani, kivulini, mfuko wa mkojo umening'inia kwenye kiti. Binti alikwenda kutafuta maji. Mke alisogeza kiti chake karibu na cha mumewe, na Fundi alijua kinachokuja.

"Miaka ishirini na saba," mke alianza. "Nakufulia, nakupikia, najua una kovu wapi na ulilipataje. Unakwenda kununua pipi za kikohozi!"

"Nilikwenda kununua dawa. Nikifika pale, wanasikia wote. Kinyozi yupo pale."

"Na mimi ni Kinyozi?"

"Sasa wewe ningekuanzaje?"

"Ungeanza na 'mke wangu'. Halafu yanayofuata yangekuja yenyewe."

Fundi alitazama mfuko wake. "Zamani ningemwambia yule mzee," alisema. "Pale palikuwa na ule muziki wake. Unajua ule muziki? Unasema lako, hata wewe mwenyewe hujisikii."

Mke alikuwa na jibu kali tayari, akaliacha. Aliujua ule muziki. Aliujua kuliko alivyotaka kuujua. Alikunja mikono mapajani, akaikunjua.

"Fundi. Alipozaliwa huyu mtoto, baada ya ule uchungu wa siku mbili, mimi nilikuwa navuja."

"Unavuja nini?"

"Mkojo. Nikicheka, nikinyanyua ndoo, nikipanda ngazi. Miezi minane. Nilikuwa nashona vitambaa vya kujifunga, nikikwambia ni viraka vya mito."

Mumewe alimgeukia polepole, kwa sababu ya mpira. "Ile mito..."

"Mito gani, Fundi? Uliwahi kuona mto hata mmoja? Nilimwambia Mzee wa Dawa. Sikumwambia mama yangu, sikukwambia wewe. Nilisimama pale, magitaa yanapiga, nikasema. Akanielekeza kwa mkunga mmoja aliyenifundisha mazoezi, nikapona."

"Hukuniambia," Fundi alisema, na kweli iliuma.

"Ningekuanzaje?"

"Ungeanza na 'mume wangu'."

Walitazamana. Mke ndiye aliyeanza kucheka, kisha yeye, mpaka mpira ukamvuta akaomba waache, na hawakuweza kuacha. Binti aliporudi na maji alikuta wazazi wake wanafutana machozi kwa khanga moja, akaogopa kwamba wameambiwa habari mbaya.

* * *

Jumatatu mke hakuloweka nguo. Alizitia pakiti saba kwenye mfuko, akaenda duka la dawa saa sita, wakati benchi likiwa tupu, akazipanga juu ya kioo.

"Mama, hizi zina kasoro?" Dada wa Dawa aliuliza.

"Hazina. Mume wangu alikuja mara saba kununua dawa ya mkojo. Hizi ndizo alizorudi nazo. Jumamosi tulitaka kumzika."

Akamweleza. Alikuwa amekuja na hasira aliyoipiga pasi tangu asubuhi, lakini kadiri alivyoendelea aliona uso wa yule binti ukibadilika, naye akapunguza sauti. Dada wa Dawa hakujitetea. Aligeuka, akaitazama rafu iliyo nyuma yake.

"Mama, mimi katika duka hili hakuna ninachouza kama pipi za kikohozi," alisema. "Katoni mbili kila mwezi. Nilikuwa najiuliza, mtaa huu una vumbi gani? Na mbona sisikii mtu akikohoa?" Akaketi kwenye kigoda. "Kumbe wote wale..."

Wote wale. Alianza kuwakumbuka mmoja mmoja, nyuso zilizoinama kwenye kioo kisha zikanyanyuka zikaomba pipi, na akajifuta macho kwa mkono wa koti jeupe. Mshonaji aliyekuwa amekuja kugomba akajikuta amezunguka kaunta na kumpigapiga mgongoni.

"Ulikuwa hujui, mwanangu."

"Nilidhani kimya ndiyo heshima."

"Kwa maiti, ndiyo."

Redio kaseti ya mzee haikuwepo tena. Dada wa Dawa alinunua spika ndogo, akaunganisha na simu. Siku ya kwanza alipiga nyimbo zinazovuma, na benchi zima likawa linaimba kibwagizo. Wimbo ukaisha ghafla, na katika ule mwanya mzee mmoja akasikika hadi barabarani akisema "kwenye makalio". Siku ya pili akafungulia redio, watu wakanyamaza kusikiliza matokeo ya mpira. Ikabidi mshonaji aitwe tena kutoa ushauri. "Tafuta muziki ambao hakuna anayeutaka," alimwambia. Ukapatikana. Benchi likavutwa hadi mlangoni. Na Dada wa Dawa, ambaye hakuwa tayari kuacha alichofundishwa, sasa alirudia maneno ya mteja kwa kuyaandika kwenye kikaratasi na kumwonyesha.

Mauzo ya pipi za kikohozi yalianguka vibaya sana. Hakuna aliyehuzunika.

* * *

Baada ya wiki tatu, mpira umeshatolewa na kila kitu kinapita kama kilivyoumbwa kupita, Fundi alikwenda kuchukua vidonge vya mwezi. Alikuwa bado anaona haya. Ugonjwa haugeuzi mtu kuwa shujaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, spika imekufa, na duka lilikuwa kimya kama zamani zile mbaya. Kwenye benchi alikuwepo Kinyozi, mama mmoja na mtoto mwenye bandeji gotini, na bwana mnene aliyekuwa anajipepea kwa kofia.

Mbele ya kaunta alisimama msichana wa umri wa binti yake. Hakuwa wa mtaa ule. Alikuwa anasoma maandishi ya sabuni, amegeuza upande mmoja, amegeuza wa pili, na zamu yake ilipofika alimwambia mama mwenye mtoto, "Tangulia tu," na yule mama alipomaliza akamwambia bwana mnene, "Tangulia tu." Fundi alimtazama mgongo. Hakuhitaji kuambiwa. Mwishowe wote walikuwa wamehudumiwa au wamesema wanapumzika joto lipungue, na msichana akabaki peke yake mbele ya kioo. Akainama. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Dada wa Dawa alipeleka kidole kwenye spika, akakumbuka umeme, akamtazama Fundi kwa macho ya mtu anayezama.

"Wewe Kinyozi!" Fundi alifoka, duka zima likashtuka. "Hivi ni nani aliyekudanganya kwamba unajua kunyoa?"

"Nini?"

"Hiki kisogo! Umenifanya nini? Huku kumepanda, huku kumeshuka! Mimi ni fundi wa mistari, naujua mstari uliopinda!"

Kinyozi alikuwa mtu wa kugombana bila mwaliko. Alisimama, kidole kishanyooka, neno liko ulimini. Kisha akaona Fundi anatazama wapi. Alimwona yule msichana, mabega yake yalivyopanda hadi masikioni. Kila mtu ana siku yake mbele ya kioo kile, na Kinyozi, tusimwingilie zaidi ya hapo, alikuwa nayo yake.

"Kisogo chako," alinguruma, "kilipinda tangu tumboni kwa mama yako! Mimi nilinyoa nilichokikuta!"

"Unasikia, mama? Unasikia anavyonitukana?"

"Geuka tuone," alisema mama mwenye mtoto, kwa sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya barabara. "Ah, kweli kimepinda! Baba yangu, hapa hakuna kosa la kinyozi!"

"Kimepinda kushoto!" akadakia bwana mnene.

"Kulia!" alipiga kelele mtoto, aliyefurahi kuliko wote.

Wakaendelea hivyo, watu wazima wanne na mtoto mmoja, wakigombania kisogo. Fundi aliinama katikati yao, mikono magotini, ili ushahidi uonekane. Kwenye kaunta msichana alikuwa anasema. Alisema kwa muda mrefu, na Dada wa Dawa alikuwa anaandika, anaitikia kwa kichwa, anaandika tena. Akamfungia kitu kidogo kwenye karatasi. Akamshika mkono, akauachia.

Msichana alipita mbele yao akielekea mlangoni. Aliwatazama kama watu watazamavyo vichaa wasio na madhara, na uso wake, uliokuwa umekazwa tangu alipoingia, ulikuwa umelegea. Akatoka. Wakasubiri mpaka alipovuka barabara, ndipo wakanyamaza.

Hakuna aliyesikia aliomba nini. Hata Kinyozi hakusikia.

Fundi alinyoosha mgongo, akajisugua kiuno. "Asante, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Asante ya nini?" Kinyozi alisema, akifunga kifungo cha shati kilichofunguka kwa kelele. "Kisogo chako kimepinda kweli."